Je, Maji ya Mto Nairobi Yafika Bombani Bamburi?

Msomaji wetu wa Bamburi, Mombasa, ameuliza hivi:

"Assalamu alaikum, Mwalimu. Maji yetu ya bomba yakikatika siku kadhaa kisha yakarudi, huja mekundu. Shemeji yangu aliyekaa Nairobi miaka mingi ashikilia kwamba hayo ni maji ya Mto Nairobi, ati uchafu wa Dandora huteremka mpaka Malindi kisha twaletewa sisi tunywe. Ni kweli Sabaki na Mto Nairobi ni mto mmoja? Na mbona Mombasa, mji wa kale hivi, hauna mto wake? Tena nataka kuwapeleka wanangu wakauone huo Sabaki. Niwapeleke wapi?"

Wa alaikum salaam, dada yangu. Shemeji yako amepatia kuhusu mto, amekosea kuhusu bomba. Wengi hapa pwani huyachanganya mambo hayo mawili, na si ajabu, maana mto wenyewe una majina matatu na sisi twalijua la mwisho tu.

Huko juu unaitwa Athi. Hukusanywa na vijito vingi vya Kiambu, Ngong na Nairobi: Mbagathi, unaopita mpakani mwa Mbuga ya Taifa ya Nairobi upande wa kusini, Ruiru na Ndarugu, kutoka kwenye mashamba ya chai na kahawa, na Mto Nairobi wenyewe, ambao kabla haujatoka jijini huwa umekwisha kupita kando ya jaa la Dandora. Si mbali na Thika, chini ya mlima Ol Donyo Sabuk, maji hayo yote huanguka pamoja kwenye maporomoko ya Fourteen Falls, kisha mto ukapinda kuelekea kusini mashariki. Kutoka hapo hufuata ubavu wa uwanda wa Yatta, mkondo wa lava iliyoganda wenye urefu wa karibu kilomita 300, miongoni mwa mirefu kabisa duniani. Ukiingia Tsavo Mashariki hukutana na Mto Tsavo, na baada ya makutano hayo watu huuita Galana. Ukikaribia pwani ndipo unapokuwa Sabaki, na humwaga maji yake baharini kaskazini ya Malindi, kabla ya kufika Mambrui. Kwa urefu, nchini Kenya unatanguliwa na Tana peke yake.

Kwa hivyo ndiyo, tone la mvua lililoanguka Kibera laweza kufika Mambrui, likijaaliwa.

Sasa bomba. Maji ya Mombasa hutoka sehemu nne: Mzima, Baricho, Marere kwenye vilima vya Shimba, na visima vya Tiwi. Nyinyi wa pwani ya kaskazini, yaani Kisauni, Bamburi na Shanzu, mwategemea zaidi Baricho, iliyoko bara ya Malindi upande wa Lango Baya, na maji yake hupanda hadi matangi ya Nguu Tatu kabla ya kuwafikia. Baricho iko ukingoni mwa Sabaki, na hapo ndipo shemeji alipoteleza. Akisikia "maji ya Sabaki" anaona mpira uliotumbukizwa mtoni. Uliwahi kuwapo mtambo wa namna hiyo, uliochota maji ya juu ya mto na kujaribu kuyachuja, lakini tope liliushinda. Baadaye vikachimbwa visima virefu kwenye mchanga ambao mto umeulaza huko kwa maelfu ya miaka. Maji mnayopata yamepenya kwanza katika mchanga huo, yakaacha tope na sehemu kubwa ya vijidudu, ndipo yakavutwa na pampu na kutiwa klorini. Mchanga hauzuii kila kitu. Kemikali iliyoyeyuka yaweza kupenya, na ndiyo maana maji hayo yanastahili kupimwa kila mara na si mara mojamoja. Lakini tope jekundu kupita kwenye mchanga mzito kiasi hicho, likaja kutokea bombani kwako? Hapana.

Wekundu unaouona umezaliwa njiani. Bomba la chuma likikaa tupu, hewa huingia na kutu huchipuka ndani. Siku maji yanaporudishwa kwa nguvu hukwangua kutu ile pamoja na mchanga uliotulia chini ya bomba. Kutu yenyewe huharibu nguo nyeupe kuliko inavyomdhuru mtu. Linalonitia wasiwasi mimi ni jambo jengine: bomba tupu hunyonya. Likiwa na ufa, au kuna aliyejiunganishia kwa siri usiku, na kando yake pamesimama maji ya choo, basi uchafu ule huvutwa ndani pasi na mtu kujua. Kipindupindu na homa ya matumbo hupata njia hapo. Hatari yako iko mtaani kwako, hatua chache kutoka mlangoni, kabla ya kuifikiria Dandora. Maji yakirudi, yaache yatoke mpaka yang'ae, ya mwanzo uyatumie kudekia au chooni, usiyaruhusu kuingia tangini, na ya kunywa uyachemshe. Na hayo maji ya mikokoteni mnayonunua siku za ukame wa bomba, mwulizeni muuzaji ameyateka wapi. Visima vingi vya mitaani vimechimbwa karibu mno na vyoo vya shimo.

Wenzenu wa kisiwani na Changamwe hupata pia maji ya Mzima, na hao nao, bila kujua, wanakunywa kutoka bonde lilelile la mto. Mvua inayonyesha juu ya vilima vya Chyulu haifanyi mito, maana vilima vile ni majivu na mawe ya volkano na maji huzama papo hapo. Husafiri chini kwa chini kwa miaka mingi kisha huibuka Mzima, Tsavo Magharibi, yakiwa maangavu hata waona samaki wakipita katikati ya miguu ya viboko. Sehemu huchukuliwa na bomba lililojengwa miaka ya 1950, lenye urefu wa kilomita 220 hivi mpaka Mombasa. Yanayobaki huingia Mto Tsavo, kisha Galana, kisha Sabaki. Mtu akikata msitu wa Chyulu leo, anayeumia ni mtoto wa Majengo atakayefungua bomba miaka mingi baadaye. Naona ajabu kwamba mji huu unazungumza sana kuhusu mabomba na ni nadra kuvitaja vilima vile.

Ama kuhusu Mombasa kutokuwa na mto, jibu ni kwamba mji ulikuwa na mito, bahari ikaimeza. Tazama ramani: Tudor upande mmoja, Port Reitz upande wa pili. Yale ni mabonde ya mito. Zama ambazo barafu ilikuwa imefunika sehemu kubwa ya kaskazini ya dunia, bahari ilikuwa chini sana kuliko leo, na mito ya hapa ikachimba mabonde marefu kuifuata. Barafu ilipoyeyuka, bahari ikapanda na kuyajaza. Mito yenyewe bado ipo, midogo na ya msimu: Kombeni hushuka kutoka upande wa Rabai kuingia Tudor, na Mwache huingia Port Reitz. Juu ya Mwache, Kinango, ndiko linakojengwa bwawa linalotarajiwa kuipunguzia Mombasa kiu. Na kwa kuwa matumbawe hayapendi maji matamu wala tope, mwamba hauzibi mbele ya midomo ya mito, na ndipo palipobaki milango ya kupitia vyombo. Bandari ya Kilindini, inayolisha nusu ya Afrika Mashariki, ni kazi ya mito hiyo unayoidharau. Ila mto wa kunywa hakuna, na ndiyo maana wazee wa Mji wa Kale waliishi kwa visima na birika za mvua. Hata Wareno walipoanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, iliwabidi wawe na kisima na birika ndani ya kuta, na maji ya kisima chenyewe yalikuwa ya chumvichumvi.

Turudi Sabaki, maana swali lako kuhusu uchafu lina upande ambao shemeji hakuutaja, nao kwangu ndio mkubwa. Ni udongo.

Nenda Malindi wakati wa vuli, mvua zikishanyesha Ukambani, utaiona bahari imekuwa nyekundu mpaka mbali. Msimu wa kusi, mkondo hulisukuma tope kaskazini kuelekea Mambrui na Ngomeni. Kaskazi inapoanza, mambo hugeuka, na tope la vuli hushuka kusini moja kwa moja juu ya miamba ya Malindi, ambayo pamoja na ya Watamu ililindwa kuwa hifadhi ya bahari mwaka 1968. Kufika Mombasa halifiki, ni mbali mno. Watu wa Malindi walijua zamani kwamba tope linaongezeka. Ufuo uliongezeka kuelekea baharini, na hoteli zilizojengwa maji yakiwa karibu na baraza zikajikuta zimeachwa nyuma na uwanja wa mchanga. Lakini tangu lini? Wenyewe matumbawe ndio waliotoa ushahidi. Jiwe la matumbawe hukua kidogo kila mwaka na kuhifadhi ndani yake alama ya maji yaliyolizunguka. Wanasayansi walitoboa jiwe moja la Malindi lililoishi karibu miaka 300, wakapima bariamu inayoletwa na udongo wa mto, na matokeo yakachapishwa mwaka 2007. Kwa miaka mingi mstari ulitulia, isipokuwa mafuriko ya hapa na pale. Kuanzia miaka ya 1910 na kuendelea, ukapanda, na haukurudi tena chini.

Miaka hiyo ina kisa chake huko juu. Ndiyo enzi walowezi walipochukua nyanda na Wakamba wakasukumwa kwenye vilima vya Machakos, watu na mifugo yao mahali padogo, ukame ukija juu yake. Udongo ukaanza kuondoka. Serikali ya kikoloni ikaona dawa ni kuwapunguzia watu ng'ombe kwa nguvu, na mwaka 1938 Wakamba wakaenda Nairobi kwa miguu kulalamika, wakiongozwa na Muindi Mbingu, ambaye baadaye alihamishiwa Lamu. Kwa hiyo ukitazama ule wekundu mbele ya Malindi, unatazama pia historia ya ardhi iliyonyang'anywa. Haki isemwe, wakulima wa Machakos hawakukaa tu. Matuta ya fanya juu, yale ya kuchimba mtaro na kurusha udongo upande wa juu wa mteremko, yamefunika vilima vingi na kushika udongo mwingi. Lakini barabara mpya, uchomaji makaa, uchotaji mchanga na kilimo mpaka ukingoni mwa vijito bado vinaendelea kuulisha mto.

Na sasa kuna Thwake, bwawa kubwa lililoanza kujengwa mwaka 2018 pale Mto Thwake unapokutana na Athi, mpakani mwa Makueni na Kitui. Hapo uchafu wa Nairobi utakuwa swali zito kuliko lilivyo Bamburi, kwa sababu maji yatasimama badala ya kukimbia, na watu wanatarajiwa kuyanywa baada ya kusafishwa. Bwawa pia litashika tope. Malindi huenda wakafurahi; mimi sina haraka ya kufurahi, maana tope likikaa bwawani hulijaza bwawa, na ufuo uliozoea kulishwa mchanga ukinyimwa huanza kuliwa na bahari.

Historia ya mto upande wetu wa pwani haisimuliwi vya kutosha. Kwa Wagiriama, Sabaki ulikuwa mto wa kuvuka. Kufikia mwisho wa karne ya 19 wengi walikuwa wamehamia ng'ambo ya kaskazini, kwenye ardhi yenye rutuba, na mahindi yao yalikuwa yakilisha Malindi. Waingereza, waliotaka vibarua na kodi, waliona watu wanaojitosheleza kwa chakula hawatakuja kufanya kazi mashambani mwa wengine. Wakaamuru Wagiriama waondoke kaskazini ya Sabaki. Mekatilili wa Menza, mama wa Kigiriama, alikuwa amekwisha kuwaapisha watu wakatae. Alikamatwa mwaka 1913 pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa magharibi ya nchi, akatoroka na kurudi kwao kwa miguu. Agosti 1914 serikali ikailipua Kaya Fungo, mahali patakatifu pa Wagiriama, kwa baruti na vita vikawaka. Nyumba zilichomwa, mbuzi wakachukuliwa, na faini ikatozwa. Miaka michache baadaye serikali yenyewe ilikubali watu warudi ng'ambo ile, kwani njaa ilikuwa imeonyesha nani alikuwa akiilisha pwani.

Reli nayo nusura ifuate mto huu. Mwaka 1890 Lugard, akiitumikia kampuni ya Kiingereza iliyoshika pwani, alipanda na Sabaki kutafuta njia ya kwenda Machakos, akiacha vituo vyenye ngome za miti kandokando. Njia ilikuwa na maji, jambo ambalo jangwa la Taru halikuwa nalo. Jina lake limebaki kwenye maporomoko ya Lugard ndani ya Tsavo Mashariki, ambako mto mzima hujibana katika nyufa za mawe. Lakini reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896 ilikata Taru kupitia Voi, na kuukuta Mto Tsavo, ambao ni wa ukoo huu. Kilichowapata mafundi na vibarua kutoka India pale darajani mwaka 1898, simba wawili wakiwachukua mmoja mmoja hemani, kimesimuliwa hata kikachujuka.

Wanyama sasa, maana najua watoto watauliza hilo kwanza. Tsavo Mashariki, iliyotangazwa mbuga mwaka 1948, haina mto mwingine wa kudumu wa kuifaa kama Galana. Wakati wa kiangazi ndovu, nyati na punda milia huteremka mchana kutwa chini ya mikoma. Kwa karne nyingi Waata, wawindaji wa kale wa nyika hizo, waliishi kwa ndovu, kwa pinde nzito ambazo mgeni hakuweza hata kuzivuta, na mishale ya sumu. Ujangili ulipopigwa vita mwishoni mwa miaka ya 1950, wao ndio waliojaza jela. Kisha maumbile yakafanya makubwa kuliko mshale: ukame wa mwaka 1961 uliua mamia ya vifaru kando ya Athi, na ule wa 1970 na 1971 ukamaliza maelfu ya ndovu. Wengi hawakufa kwa kiu. Maji yalikuwapo, majani yaliyo karibu na maji ndiyo yaliyokwisha. Viboko wa Mzima walikufa hivyohivyo katika ukame wa 2009, tumbo tupu, miguu majini.

Kuna pia mkunga wa maji matamu, samaki ninayempenda kuliko ndovu wote hao. Huzaliwa mbali ndani ya Bahari ya Hindi, huingia mtoni akiwa mdogo kama uzi, hupanda bara akaishi huko miaka, na akishakomaa hushuka tena baharini kuzaa na kufa.

Kwa wanao, nakushauri mdomo wa Sabaki. Pandeni matatu mpaka Malindi, kisha gari la barabara ya Garsen, mshuke darajani Sabaki, ni mwendo mfupi. Tafuteni kijana wa pale anayeongoza wageni wa ndege. Msiende peke yenu, kwa kuwa kuna viboko na mamba, na kiboko aliyetoka kula alfajiri hana subira na mtu aliyesimama kati yake na maji. Mtapita kwenye matope mapya ambayo michu, aina ya mikoko, imeanza kuyashika, mpaka kwenye vilima vya mchanga. Heroe huwapo mara nyingi, pamoja na buabua na shakwe kwa mamia. Mkienda msimu wa kusi, mwezi wa Agosti hivi wakati shule zimefungwa, huenda mkawaona ndege wadogo wa kahawia wenye mbawa ndefu, wanaoruka kwa makundi wakidaka wadudu. Hao huzaliana Madagaska kisha huja kukaa kwetu, na mdomo wa Sabaki ni mojawapo ya mahali pachache duniani pa kuwaona wengi pamoja.

Mkiwa na nafasi, pitieni Mambrui. Kuna kaburi la mnara lililopambwa kwa mabakuli ya kauri za Kichina, na ni hapo ambapo mwaka 2010 wachimbaji wa mambo ya kale waliokota sarafu ya Kichina ya enzi ya mfalme Yongle, mfalme yuleyule aliyepelekewa twiga kutoka Malindi mwaka 1415. Nendeni asubuhi, maji yakiwa yametoka, chukueni maji yenu ya kunywa, na viatu viwe vya kutupwa, kwa sababu tope la Ukambani halitoki kwenye kitambaa.